Ngozi ya mama inachanika nikimshika tu. Nifanye nini?

Swali

Shikamoo mtaalamu. Namtunza mama yangu mwenye umri wa miaka 82. Kwa mwaka mmoja sasa ngozi ya mikono yake imekuwa nyembamba mno, mishipa yote inaonekana. Mara kwa mara anaamka na mabaka ya zambarau mikononi, na ukimuuliza yametoka wapi hajui. Wiki mbili zilizopita alitaka kuanguka akitoka bafuni, nikamdaka mkono. Ngozi ikachanika na kujikunja kama karatasi iliyolowa. Nikambandika plasta. Siku ya pili nilipoibandua ilitoka na ngozi, na hadi leo sijajisamehe. Mama anatumia aspirini tangu alipopata kiharusi kidogo, pia ana dawa ya kuvuta kwa ajili ya pumu. Je, dada anayekaa naye mchana anaweza kuwa anamuumiza? Nimwachishe aspirini? Kuna krimu ya kurudisha unene wa ngozi? Na ikichanika tena nifanye nini? Mwanangu wa miaka 6 nimemkataza kabisa kumshika bibi yake.

Jibu

Marahaba, dada. Pole wewe, na umfikishie mama pole yangu.

Nianze na ile plasta, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi. Nilipokuwa mgeni katika kazi ya uuguzi nilimbandua mzee mmoja plasta aliyowekewa baada ya kutolewa damu. Niliivuta kwa mara moja, kama tulivyozoea kwa vijana, na kipande cha ngozi chenye upana wa kidole gumba kikaja nayo. Mzee hakupiga kelele. Aliutazama mkono wake, akanitazama mimi, akasema, "Pole, mwanangu." Maneno hayo nimeishi nayo zaidi ya miaka 30, na ndiyo yaliyonisukuma kujifunza vidonda vya wazee. Wewe hakuna aliyekuambia kuhusu plasta. Mimi niliyesomea pia hakuna aliyekuwa ameniambia.

Sasa tuangalie kilichobadilika ndani ya ngozi yenyewe, kwa sababu ukishakielewa hicho, mengi ya yanayofuata utaweza kuyafikia hata bila mimi.

Ngozi ina matabaka mawili makubwa. La juu ndilo tunaloliona na kulipaka mafuta. Ni jembamba, halina mishipa ya damu, na hulishwa na lile la chini. La chini ndilo lenye nguvu: limejaa nyuzi za protini iitwayo kolajeni, na ndimo ipitamo mishipa ya damu na ya fahamu. Chini ya yote kuna mafuta ya mwili, ambayo kazi yake ni kama ya godoro. Ujanani matabaka hayo mawili hayalaliani bapa. Mpaka wao una vilima na mabonde yanayoingiliana. Jaribu hivi: pitisha vidole vya mkono mmoja katikati ya vidole vya mkono mwingine, vibane, kisha sukuma mikono kushoto na kulia. Haiendi popote. Hiyo ni ngozi yako. Sasa achanisha vidole, kutanisha viganja vikiwa bapa, sukuma tena. Vinateleza. Hiyo ni ngozi ya mama. Umri umevisawazisha vile vilima, na tabaka la juu limebaki limelala tu juu ya la chini. Ndiyo maana hapakuwa na kitu chenye ncha wala pigo, na bado ngozi iliondoka. Vidole vyako vilikamata tabaka la juu, uzito wa mama ukaenda upande wa pili, na matabaka yakaachana.

Mengine yanakuja juu ya hilo. Kolajeni hupungua karibu asilimia 1 kila mwaka tangu tungali vijana. Yale mafuta ya chini, hasa mgongoni mwa viganja, kwenye vigasha na kwenye miundi, huisha, na mishipa midogo ya damu inabaki bila cha kuishikilia. Tezi zinazotoa mafuta ya ngozi hulegea, kwa wanawake hasa baada ya kukoma hedhi, na ngozi hukauka na kupoteza unyumbufu. Na jua la maisha yote lina sehemu yake. Ukitaka kuliona, mwinue mama mkono taratibu, utazame ngozi ya ndani karibu na kwapa, kisha utazame mgongo wa kiganja. Umri wa sehemu hizo mbili ni mmoja, ila moja imeona jua na nyingine haikuliona. Weusi wa ngozi hupunguza madhara hayo sana, ingawa hauyamalizi.

Mwaka 2007 madaktari wawili wa ngozi mjini Geneva, Jean-Hilaire Saurat na Gürkan Kaya, waliipa hali hii jina la dermatoporosisi, kwa kuifananisha na mifupa ya wazee inapopoteza uimara. Nimelipenda jina hilo. Tangu lipatikane, ni rahisi kidogo kuwaeleza madaktari na ndugu kwamba ngozi ni kiungo kinachoweza kuchoka na kushindwa kazi, na kwamba mama anayelalamikia ngozi yake haongelei urembo.

Sasa swali lako zito, la yule dada anayekaa naye mchana.

Mabaka ya zambarau kwenye vigasha na migongo ya viganja, yasiyouma, yanayojitokeza bila mtu kukumbuka pigo lolote, ni jambo la kawaida sana uzeeni. Daktari wa Uingereza, Thomas Bateman, aliyaandika mwaka 1818, na mpaka leo yanaitwa kwa jina lake. Kishipa kidogo kinapasuka kwa msuguano wa shuka au wa ukingo wa meza, damu inavilia chini ya ngozi, na kwa kuwa ngozi ni nyembamba, unaiona yote. Kwenye ngozi nyeusi huonekana kama weusi mzito wenye uzambarau. Hukaa wiki moja hadi tatu, kisha hufifia na mara nyingi huacha doa la kahawia lisilotoka. Utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2005 uliwafuatilia wazee 101 siku hadi siku ili kuona damu inavilia wapi bila mtu kuwaumiza. Karibu asilimia 90 ya alama zilikuwa mikononi na miguuni. Hakuna hata moja iliyokuwa shingoni, masikioni, matakoni wala nyayoni. Na wengi wao hawakukumbuka walizipataje, kama mama.

Kwa hiyo kwa uliyoniandikia, sioni sababu ya kumshuku dada huyo. Ila sitakuambia ufumbe macho, maana wazee huumizwa, na huumizwa na watu wa karibu. Ukiona alama shingoni, masikioni, usoni, kifuani au mgongoni, ndani ya mapaja, ukiona umbo la vidole au la mkanda, au mama akinyamaza na kujikunyata mtu fulani anapoingia, hapo usitafute maelezo ya ngozi. Mpeleke akapimwe na umhoji akiwa peke yake. Na kama mabaka yataanza kutokea mwili mzima, au fizi na pua zikawa zinatoka damu, au ukaona vidoa vidogo vyekundu au vyeusi kama ncha za sindano miguuni, hiyo ni sababu ya kupima damu haraka.

Aspirini usimwachishe. Inafanya damu isigande upesi, na kweli inayaongeza mabaka, lakini mama amewahi kupata kiharusi na dawa hiyo ndiyo inayomkinga na cha pili. Mabaka hayajawahi kumlaza mtu upande mmoja. Ni daktari aliyeiandika ndiye wa kuiondoa, na hata yeye atapima mizani hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa wote wanaotumia warfarin na dawa nyingine za kuzuia damu kuganda.

Dawa ya pumu nayo umuulize daktari. Dawa nyingi za kuvuta zina steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe, na steroidi kwa kipimo kikubwa kwa miaka mingi huikondesha ngozi, kwa sababu huzizuia seli zinazotengeneza kolajeni. Vidonge vya steroidi kama prednisoloni ndivyo vibaya zaidi kwa hili. Swali lako liwe hivi: je, kipimo alichonacho ni kidogo kuliko vyote kinachomtosha? Usikipunguze mwenyewe. Shambulio moja la pumu katika umri wake ni hatari kuliko ngozi iliyochanika mara kumi.

Lakini kuna steroidi nyingine ambayo watu hawaiiti dawa, nayo imo kwenye krimu. Angalia kila kopo na kila tyubu anayopaka mama, na umuulize kwa upole alichokuwa akipaka zamani. Krimu nyingi za muwasho na za kung'arisha ngozi zina betamethasoni au klobetasoli, ambazo ni steroidi kali, na nyingine huuzwa bila kutajwa kilichomo. Nimeona mikono ya akina mama wa miaka 60 iliyo hafifu kuliko ya wazee wa 90 kwa sababu hiyo peke yake, na inaniuma kila ninapoiona, kwa kuwa yalikuwa madhara ya kuepukika. Kama anayo mojawapo na ameitumia muda mrefu, mwonyeshe daktari kabla ya kuikatisha, maana kuiacha ghafla huweza kuleta ukurutu na ngozi kuwaka moto.

Krimu ya kurudisha unene? Ninajua ungependa niitaje. Zipo dawa za jamii ya vitamini A, kama tretinoini, ambazo zimeonyesha kuongeza kolajeni kwenye ngozi iliyoharibiwa na jua, ila huchukua miezi, na mwanzoni huikausha na kuiwasha. Kwa mama wa miaka 82 ambaye tayari anachanika, mimi siwezi kumwanzishia. Unga na vidonge vya kolajeni sivishauri. Ukivila, tumbo huvisaga kama protini nyingine yoyote, na vipimo vilivyowahi kufanywa viliangalia zaidi makunyanzi na unyevu. Mama yako shida yake ni kuchanika.

Kilicho na ushahidi wa kweli ni cha kawaida mno hata watu hukidharau: kumpaka mafuta mara mbili kila siku, asubuhi na jioni. Huko Australia Magharibi walilipima jambo hili kwenye nyumba 14 za kulea wazee, zenye wakazi wapatao 980. Nusu ya nyumba waliendelea kama walivyozoea, nusu nyingine wakapaka losheni mikononi na miguuni mara mbili kwa siku kwa utaratibu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: waliopakwa walichanika karibu mara mbili pungufu ya wenzao. Sijui dawa ya kopo lolote la ghali inayofika hapo.

Mafuta gani? Yasiyo na manukato, basi. Yenye glisirini au yurea kiasi huvuta maji na kuyaweka kwenye ngozi. Mafuta ya mgando huyafungia yasitoke. Ukiwa na mafuta ya mgando pekee, yanatosha kabisa, ilimradi uyapake ngozi ikiwa bado na unyevu, ndani ya dakika chache baada ya kuoga. Yaweke kwanza kwenye viganja vyako, yapashe joto kwa kuvisugua, kisha ushuke kwa kiganja chote kuelekea vinyweleo vinakoelekea, yaani kutoka kiwiko kwenda kwenye vidole, kutoka goti kwenda chini. Usisugue kwa kuzungusha na usirudi juu. Ukirudi juu unaliinua lile tabaka la juu kinyume. Nyayoni paka kidogo na umvalishe soksi kabla hajasimama, asije akateleza. Na nguo zilizolowa mafuta ya aina hii huwaka upesi, kwa hiyo asisogee jikoni wala kwenye mshumaa akiwa amezivaa, na zifuliwe mara kwa mara.

Kuoga kwenyewe kuwe kwa maji ya uvuguvugu na kwa muda mfupi. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, na uchachu huo ni sehemu ya kinga yake. Sabuni ya kawaida ya kipande ni kinyume chake kabisa, huuondoa uchachu na kuyaondoa mafuta. Weka sabuni kwapani, sehemu za siri na nyayoni, kwingine maji yanatosha. Umkaushe kwa kumkandamiza taulo laini, bila kulisugua.

Nimefika kwenye jambo ambalo ningependa ulikumbuke hata ukisahau mafuta. Ngozi ya mama inachanwa zaidi na mikono yetu kuliko na ajali. Tunamvuta. Tunamshika mkono na kumnyanyua kitini, tunamburuta kitandani ili apande juu kwenye mto, tunamvua blauzi kwa kuivuta kwenye kiwiko. Kila mvuto wa aina hiyo unalipeleka tabaka la juu upande mmoja na la chini upande mwingine.

Badala ya kumkamata, mpe cha kushika. Unapomsaidia kusimama, mpitishie mkanda mpana wa kitambaa kiunoni juu ya nguo na ushike huo, au weka mkono wako mmoja nyuma ya mgongo wake na kigasha chako mbele, yeye ndiye akushike wewe. Ukitaka kumwinua mkono, ingiza kiganja chako wazi chini ya kiwiko na kingine chini ya kifundo, uuchukue kama unavyochukua mtoto mchanga, vidole vikiwa vimenyooka. Kitandani, tandika shuka lililokunjwa mara mbili chini yake kuanzia mabegani hadi mapajani. Watu wawili washike shuka na kumwinua, wasimburute. Kichwa cha kitanda kisikae juu kwa muda mrefu, kwani mwili hushuka polepole na ngozi ya kiunoni hubaki nyuma. Hapo ndipo vidonda vya kulala vinapoanza. Kama siku ikifika ambayo hageuki mwenyewe, mgeuze walau kila baada ya saa mbili, na uangalie visigino na sehemu ya juu ya matako. Vitabu vingi vinasema utafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani, kwa hiyo gusa: tafuta joto lisilo la kawaida, ugumu au ulaini wa ajabu, na rangi iliyokolea kuliko pembeni.

Kata kucha zako fupi, kata za mama pia. Vua pete na saa unapomuogesha. Mvalishe mikono mirefu na soksi ndefu. Soksi kuukuu ndefu laini ukiikata sehemu ya vidole inakuwa kinga nzuri ya kigasha, mradi mpira wake usimbane. Funika kwa sponji kona za kitanda na za meza, na kama anatumia kiti cha magurudumu, zile sehemu za kuwekea miguu, maana hizo ndizo zinazochana miundi. Acha taa ndogo ikiwaka usiku.

Chakula ni fupi kusema. Ngozi hujengwa na protini, na wazee wengi hula kidogo mno. Lengo zuri ni gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mama wa kilo 50 anahitaji gramu 50 hadi 60. Kama ana ugonjwa wa figo, kipimo hicho akiweke daktari. Matunda na maji ya kunywa visikosekane, kwani upungufu wa vitamini C pekee unaweza kuvujisha damu chini ya ngozi.

Na ikichanika tena, maana inaweza kuchanika hata ukifanya yote haya, kaa chini kwanza wewe na yeye. Kandamiza kwa kitambaa safi chenye unyevu na uinue mkono juu ya usawa wa moyo. Kwa sababu ya aspirini damu itachelewa kukoma. Kandamiza dakika 10 bila kuchungulia. Kisha miminia maji safi yaliyochemshwa yakapoa, au maji ya chumvi ya hospitali, damu iliyoganda iondoke. Spiriti, iodini na dawa nyingine za kuunguza ziache; zinaua seli zile zile unazozihitaji.

Sasa kile kipande kilichojikunja. Usikikate, usikitupe. Hicho ndicho bandeji bora kuliko zote, maana ni ngozi yake mwenyewe. Kama kimekauka, weka juu yake shashi iliyolowa maji hayo kwa dakika 5 hadi 10, kilainike. Halafu chukua kijiti cha pamba kilicholowa, au kidole chenye glavu iliyolowa, ukikunjue taratibu kwa kukibingirisha kuelekea kilikotoka, kama unavyonyoosha pindo la kitambaa chepesi. Fika mpaka kinapoanza kukaza, basi. Usikivute kifike ukingoni. Kikibaki pengo, liache. Litaota lenyewe kutoka pembeni.

Juu yake weka bandeji isiyonata. Ile ya silikoni ndiyo nzuri kuliko zote, na kama kidonda ni kisafi inaweza kukaa siku 5 hadi 7 bila kuguswa. Ukiikosa, paka mafuta ya mgando mengi kwenye shashi safi, ilaze juu ya kidonda, weka shashi kavu juu yake, kisha zungusha bandeji ya kitambaa bila kubana. Fundo la bandeji likae juu ya bandeji, kusiwe na gundi popote inapogusa ngozi. Hii utaibadilisha kila baada ya siku mbili, au mapema ikilowa. Halafu chukua kalamu, uchore mshale juu ya bandeji kuonyesha upande ambao ngozi imeshikilia. Atakayeifungua, awe wewe, yule dada au muuguzi, ataifungua kwa kufuata mshale. Akifungua kinyume, atakiinua kipande chote tena. Ikiwa imenata, ilowanishe kwa maji ya uvuguvugu mpaka iachie yenyewe.

Kidonda cha mkono kikitunzwa hivi hupona kwa wiki mbili hadi tatu. Cha mguu huchelewa zaidi, hasa kama mguu umevimba. Usipoona maendeleo ya maana kufikia wiki ya nne, mpeleke. Mpeleke siku hiyo hiyo kama damu haikomi, kama unaona nyama au mafuta ndani, kama kipande chote kimetoka, au kipande kilichorudishwa kikigeuka cheusi. Pia kukitokea usaha, harufu, joto linaloenea au homa. Uliza na chanjo yake ya pepopunda kama bado iko hai. Na kuna hatari moja ambayo hata hospitalini wakati mwingine huipuuza: amejigonga muundi kidogo tu, ngozi haikuchanika, lakini saa chache baadaye mguu unavimba, unakaza, unauma sana na rangi inakolea. Hiyo ni damu inayojikusanya chini ya ngozi na kuitenganisha na nyama. Inaweza kuiua ngozi ya eneo kubwa. Usingoje asubuhi, na ukifika waambie anatumia aspirini.

Kila anapotolewa damu au kuwekewa dripu, tangulia kusema: "Ngozi yake inachanika, tafadhali msitumie plasta, fungeni kwa bandeji." Usione haya. Na kama wameshabandika, usiondoe ikiwa kavu. Paka mafuta pembeni ya plasta, ngoja yapenye, kisha uikunje polepole ikiwa imelala juu ya yenyewe, kidole cha mkono wa pili kikiikandamiza ngozi iliyo mbele yake.

Mkae na yule dada jioni moja, umwonyeshe mambo haya kwa mikono, hasa shuka la kunyanyulia na mshale. Mwombe kila jioni aandike kwenye daftari alama mpya alizoziona na mahali zilipo. Daftari hilo litamlinda yeye, na litakutuliza wewe.

Mwanao mruhusu. Mkalishe kando ya bibi, mwambie afungue kiganja chake kikiwa kinaangalia juu na akiache magotini kwake, halafu bibi ndiye aweke mkono wake juu. Mtoto asikunje vidole, asivute. Akizoea hapo, mpe chupa ya losheni ampake bibi mikono jioni, kutoka kiwiko kwenda kwenye vidole. Watoto wa miaka 6 hushika upande wa kushuka upesi kuliko sisi, na huwakemea wakubwa wanaorudi juu.